Chumba cha Kuwauliza Wake

Yaliyompata jirani yetu Delphia Sizemore katika ofisi ya karani wa kaunti yamesimuliwa vibaya na watu wengi huku kwetu milimani. Wengine wametia chumvi mpaka hayalambiki. Hapa yanaandikwa kama alivyoyasema mwenyewe, amekaa kibarazani anamenya maharage, mchana kweupe, bila kujali kama anaaminiwa au haaminiwi.

Ilikuwa Jumatatu ya Novemba, msimu wa kuwinda kulungu. Delphia aliamka kabla ya mumewe kama kawaida yake, akachochea jiko, akaoka mikate midogo ya magadi, akakaanga soseji na kupika mchuzi mzito wa maziwa. Garland alikuja mezani amenyoa ndevu. Mtu huyu alikuwa hanyoi mpaka Jumapili ya kanisa, kwa hiyo Delphia alijua kuna jambo.

"Leo utashuka mjini kwa karani," Garland alisema huku akipasua mkate. "Wakili wa kampuni kapiga simu jana. Hati ya ardhi ya bibi yako haimo kwenye makaratasi yao. Wanataka nakala yenye muhuri wa kaunti, vinginevyo kesho hatutii sahihi."

"Kesho?"

"Kesho, mama. Si tumeshayaongea haya?"

Hawakuwa wameyaongea. Garland alikuwa ameyaongea, na Delphia alikuwa akiosha vyombo.

Ardhi yenyewe haikuwa ya Garland. Ilikuwa ya Delphia, imemfikia kutoka kwa mama yake na bibi yake, wote wa ukoo wa Amburgey, kilima chote kilicho juu ya kijito cha Lick Fork. Kampuni moja ya kuchimba mawe ya chokaa ilikitaka kilima hicho chote, mpaka kwenye kipeo. Huko kipeoni ndiko walikolazwa watu wa kwao, na pembeni yao kuna kaburi dogo la mwanawe wa pekee, Lowell, aliyeishi wiki moja tu duniani. Kampuni iliahidi kuhamisha makaburi kwa heshima zote. Walisema hivyo wakiwa wamesimama juu ya maua aliyoyapanda Delphia.

Delphia hakutaka kuuza. Moyoni alikataa tangu siku ya kwanza, lakini hakuwahi kulitamka neno hilo, hata kwa paka. Garland hakuwa mtu wa kupiga, tuseme ukweli. Yeye alikuwa na namna yake. Delphia akianza kusema mbele ya watu jambo asilolipenda mumewe, Garland alimshika kifundo cha mkono chini ya meza, akakiminya, huku anawachekea wageni, mpaka mkewe aimalize sentensi vile anavyotaka yeye. Miaka ilivyokwenda Delphia alizoea kusema ndiyo kabla swali halijafika mwisho.

Mvua ilikuwa ikinyesha waliposhuka na gari. Garland alimwacha kwenye ngazi za mahakama.

"Mimi niko pale mgahawani nakula pai," alisema. "Nikimaliza nisikukute bado unapiga soga na Opal."

Bi Opal Quillen alikuwa karani wa kaunti tangu wengi wetu tulipokuwa tunanyonya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba, na ulimi usiojua kunyenyekea. Siku hiyo kaunta yake ilijaa wanaume wenye matope, wamekuja kukata leseni za kuwinda, na alikuwa akiwahudumia kama mwalimu anayegawa viboko. Alipomwona Delphia aliwaacha wote wamesimama.

"Samahani, Bi Opal. Sijui hata naanzia wapi. Nilikuwa naomba ruhusa ya kuona hati ya bibi yangu."

"Ruhusa ya nini, mwanangu? Vitabu si vyangu hivi. Ni vya watu wa kaunti. Mtu akiingia mlangoni hapo, awe jaji, awe mlevi, namfungulia, na simwulizi anatafuta nini. Ninachokataa ni kulamba kidole kufungulia kurasa. Hapo tutakosana." Alinyanyua kipande cha kaunta ili Delphia apite. "Bibi yako alikuwa mtoaji au mpokeaji?"

"Sijakuelewa."

"Ardhi aliuza au alipewa?"

"Alipewa na baba yake. Yeye ni Arminta Amburgey."

"Basi ni mpokeaji. Unaanza na faharasa ya wapokeaji, ile migongo myekundu. Herufi A. Ukiliona jina lake, mbele utakuta namba ya kitabu na namba ya ukurasa. Nakili zote mbili. Watu wananakili moja, halafu wanarudi kwangu wanalia. Ukiupata ukurasa niletee, nitapiga nakala na kugonga muhuri. Kusoma ni bure, nakala na muhuri unalipia."

Hivyo tu. Njia nzima Delphia alikuwa akifikiri ataulizwa vitambulisho, ataambiwa arudi na wakili, atafukuzwa. Kumbe mlango ulikuwa wazi siku zote. Hilo pekee lilimuumiza kidogo, maana hakuna aliyewahi kumwambia.

Chumba cha vitabu kilikuwa nyuma, kina mlango wa chuma mnene, na meza moja kubwa katikati. Meza ilikuwa imetekwa. Wanaume wawili wa kampuni ya mawe walikuwa wametandaza ramani juu yake yote, na vikombe vyao vya kahawa vimewekwa palepale, juu ya Lick Fork. Walimtazama Delphia, wakaendelea na mazungumzo yao.

Bi Opal aliona, akavuta pumzi puani. Kisha akaelekeza kidevu kwenye kichumba kilichokuwa kando, chembamba, chenye dirisha moja la juu na viti viwili vinavyotazamana. Mlango wake ulizuiwa na tofali usije ukafunga.

"Kasomee mle. Ila hilo tofali usiliondoe. Na mume wako akija, asiingie. Mwambie abaki nje."

"Kwa nini?"

"Ni chumba cha kuwauliza wake." Bi Opal alishusha sauti kidogo, kwa sababu ya wale wawili. "Zamani mume akitaka kuuza ardhi, sheria ilimtaka karani amtenge mkewe. Anamleta humu, mume anabaki nje, karani anamwuliza: unatia sahihi kwa hiari yako, bila kulazimishwa wala kutishwa na mumeo? Akisema ndiyo, inaandikwa. Akisema hapana, hakuna biashara. Mwanamume mwingine alikuwa haruhusiwi kuvuka kizingiti hicho."

"Bado ni sheria?"

"Ilifutwa kabla mama yangu hajazaliwa. Naishika mimi tu." Alikitazama kile chumba. "Mimi na hicho chumba."

Mwindaji mmoja alipaza sauti kule mbele akitaka leseni yake, na Bi Opal akaondoka kwenda kumtia adabu.

Delphia alibaki amesimama mbele ya kile kichumba. Kwao kulikuwa na habari moja iliyosemwa kwa mkato. Mama yake Arminta, aliyeitwa Tempa, alishuka mjini asubuhi na mumewe Hiram kwenda kuuza shamba la bondeni, ile ardhi nyeusi nzuri iliyo kando ya kijito, ambayo Tempa alirithi kwa baba yake. Alirudishwa siku ya pili kwenye mkokoteni, amefunikwa shuka. Walisema ni moyo. Hiram alikuja kumpa Arminta kile kilima kilichobaki, ambacho hakuna aliyekitaka wakati huo. Hakuna mwanamke wa ukoo huo aliyeingia tena katika jengo hilo kwa kupenda.

Jina la Arminta Delphia alilipata upesi. Kitabu nacho alikipata, kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Alikipakata akaingia nacho kichumbani, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaanza kufungua kurasa bila kulamba kidole.

Nje aliwasikia wawindaji wakitaniana. Mmoja alidai amemwona kulungu mwenye pembe kubwa kuliko meza ya karani. Mwingine akamwambia huyo alikuwa mama mkwe wake. Wakacheka. Delphia naye akatabasamu, akafungua ukurasa mwingine. Mwandiko wa zamani ulikuwa mwembamba, umelala upande mmoja, na alilazimika kuinamia karibu.

Vicheko vikafifia.

Alidhani wameondoka. Lakini bado aliwasikia, ila kwa mbali, kama wako ng'ambo ya kijito. Ndipo aliposikia kitu kikikwaruza sakafu. Taratibu. Kinasimama, kisha kinakwaruza tena.

Lilikuwa tofali. Mlango ulikuwa ukifunga, na ulikuwa unalisukuma.

Delphia hakuinuka. Mlango ulifunga polepole, kwa upole wa mama anayemwacha mtoto amelala. Kisha kukawa kimya kabisa. Kukaja harufu ya sufu iliyoloa mvua.

Kulikuwa na mtu kwenye kile kiti kingine.

Delphia aliendelea kuuangalia ukurasa. Pembeni ya jicho aliona pindo la gauni jeusi. Aliona mikono miwili imewekwa mapajani, mmoja juu ya mwingine, mikono ya mtu aliyeambiwa asubiri na akasubiri. Kucha zilikuwa za buluu. Alisikiliza pumzi.

Alisikia zake tu.

"Niulize," mtu yule alinong'ona.

Delphia alifumba macho. Alianza kusali, maneno yakamtoroka.

"Niulize." Safari hii ilikuwa karibu. Karibu na shavu.

Swali Delphia alilijua. Alikuwa amelisikia muda mfupi uliopita. Lilimtoka vipande vipande.

"Unatia... unatia sahihi kwa hiari yako?"

"Hapana," ile sauti ilisema.

Na nyuma yake, ukutani, sauti nyingine. "Hapana." Na nyingine, kisogoni kwa Delphia. Hapana. Ya kizee. Ya msichana. Moja ilisema na kilio mdomoni. Moja ilikuwa imechoka tu. Hapana. Zilitoka pembeni, zilitoka darini, zilitoka chini ya kiti alichokalia. Hazikupiga kelele. Zilisema kama watu wanaopanga foleni na kila mmoja anangoja zamu yake. Hapana. Hapana. Hapana.

Kisha zikakoma.

Gauni lilisogea. Delphia alihisi kitu baridi kwenye kifundo cha mkono, palepale pa Garland. Vilikuwa vidole. Havikuminya. Vilitua tu, vikatulia.

"Sasa wewe."

Delphia alitikisa kichwa.

"Unatia sahihi kwa hiari yako?"

Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo. Anakiri hivyo bila haya. Neno lilikuwa tayari ulimini, kwa mazoea. Lakini aliiona mbele yake mashine ya kampuni juu ya kilima, na kile kisanduku kidogo cha Lowell kikitolewa ardhini na watu wenye glavu, na kitu kikamchanika ndani.

"Hapana," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti, na machozi yakamtoka. "Hapana. Sitaki. Sijawahi kutaka."

Kitasa kikazungushwa. Vicheko vya wawindaji vilirudi kwa ghafla, na mwanga wa nje ukaingia. Garland alikuwa amesimama mlangoni, na makombo ya pai kwenye koti.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Bwana Sizemore," Bi Opal aliita kutoka kaunta, na ile sauti yake ya amri ilikuwa imepungua nguvu. "Usiingie humo. Mwite atoke."

"Mke wangu nimwite kama ng'ombe?" Garland alijibu huku anacheka, na wawindaji wawili wakacheka naye. Akavuka kizingiti. "Umemaliza?"

"Garland, mimi sitii sahihi."

Aliendelea kutabasamu, maana watu walikuwa wakiangalia. Akamsogelea. Halafu akafanya jambo ambalo wanaume wa hapa walikuwa hawajalifanya tangu enzi za babu zao. Akausukuma mlango kwa kisigino, ukafunga, ili aseme na mkewe mambo ya nyumbani bila Opal kuona.

Akamshika kifundo cha mkono, akaminya.

"Rudia ulichosema," alinong'ona.

Delphia hakuwa na haja ya kurudia. Alihisi kidole gumba cha Garland kikiinuliwa kutoka kwenye mkono wake. Kisha kidole cha shahada. Kisha kinachofuata. Kimoja kimoja, bila papara. Garland hakuwa akiviinua yeye. Alikuwa akitazama juu ya bega la mkewe, na lile tabasamu lilikuwa bado usoni pake, limesahaulika pale.

Mkono ulipoachiwa, Delphia alifungua mlango akatoka na kitabu kifuani. Mlango ukafunga nyuma yake.

Bi Opal alikuja anakimbia. Wawindaji walisukuma kwa mabega, wale wawili wa kampuni nao wakaacha ramani zao wakasaidia. Mlango wa mbao, wa kichumba kidogo kama cha kuwekea mafagio, na wanaume wote hao hawakuutikisa. Ndipo mmoja akasema, "Nyamazeni. Anaongea na nani?"

Walinyamaza. Ndani, Garland alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Hapana, mama."

Kimya kirefu.

"Hapana, mama. Wala hilo."

Kimya.

"Hapana. Hata siku moja."

Wawindaji walianza kutoka mmoja mmoja, bila leseni. Wale wa kampuni walikunja ramani zao vibaya wakaondoka. Bi Opal na Delphia walibaki wameshikana mikono mpaka mlango ulipojifungua wenyewe. Garland alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili, mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine. Aliinuka, akaomba kofia yake, akatoka. Walimwona kupitia dirishani akiingia kwenye gari upande wa abiria.

Bi Opal alikaa kwenye kiti chake akavua miwani.

"Alikuwa ni Tempa wenu," alisema. "Nilipoanza kazi, karani mzee niliyemrithi alinieleza, na yeye alielezwa na aliyemtangulia. Siku ile karani aliandika kwamba mke ameulizwa na amekubali, hata kabla hawajafika. Alikuwa rafiki wa Hiram. Tempa akaingizwa humo, akaambiwa asubiri aulizwe. Karani na Hiram wakaenda kula na kunywa, wakafunga ofisi, wakamsahau. Ilikuwa Januari. Asubuhi walimkuta amekaa vilevile." Alifuta miwani kwa pindo la sweta. "Na hakuwa yeye peke yake aliyeandikiwa jibu. Wengine walirudi nyumbani, basi. Lakini nadhani kila mmoja aliacha neno lake humo."

Baadaye Bi Opal alikivuta kile kitabu kwake.

"Nakala bado unaitaka?"

"Naitaka," Delphia alisema. "Igongee muhuri. Ni ya kwangu."

Akaendesha gari mwenyewe mpaka Lick Fork. Kesho yake alimpigia simu wakili wa kampuni, akamwambia hakuna biashara. Wakili akaomba kuongea na bwana mwenye nyumba. Garland alikuwa amekaa hapohapo kando ya simu, na alikataa kwa kichwa.

Tangu siku hiyo Garland akawa mtu wa kuuliza. Watu wa kanisani walimsifu, wakasema kaokoka. Delphia, ungependa nizime redio? Delphia, unataka niende kisimani au nikae? Alikuwa anauliza kwa adabu, ila hakumtazama mkewe usoni. Alitazama kidogo juu ya bega lake, kwa jicho la mtu anayesomewa maneno. Mwanzoni Delphia alifurahi, na halioni hilo kuwa dhambi. Mwanamke huyo alikuwa hajaulizwa kitu tangu arusi. Kisha akaanza kuogopa, maana usiku alimsikia mumewe sebuleni peke yake, anajibu.

"Hapana, mama. Bado sijamwuliza hilo."

Theluji ilianguka mapema mwaka ule. Asubuhi moja, Delphia akiwa ameshadeki jikoni na sakafu haijakauka, simu iliita. Alikuwa Bi Opal.

"Mwanangu, nina swali la kijinga. Siku ile, humu ndani mlitoka wangapi?"

"Wawili, Bi Opal. Mimi na Garland. Si ulituona?"

"Niliwaona," Bi Opal alisema. "Ni kwamba chumba kimetulia. Nimeondoa tofali, na mlango haufungi. Nimekaa humo jana na kahawa yangu hadi ikaisha. Hakuna mtu, Delphia. Hakuna mtu kabisa."

Delphia alirudisha simu mahali pake taratibu. Garland alikuwa mezani, hajavaa viatu, na uma umesimama katikati ya sahani na mdomo. Alikuwa akisikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Akaweka uma chini, akafuta midomo yake.

"Delphia," alisema. "Naambiwa nikuulize jambo moja, halafu basi."

"Usiniulize," Delphia alisema.

"Lazima nikuulize." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama yeye. "Unaishi na mimi kwa hiari yako? Bila kulazimishwa wala kutishwa?"

Delphia anasema alimwonea huruma. Anasema angeweza kumdanganya, na alitaka kumdanganya, kwa sababu alikuwa mtu wake wa miaka mingi na alikuwa anaogopa kama mtoto. Lakini nyuma yake, karibu na jiko, ilikuja ile harufu ya sufu iliyoloa, na alijua wale waliokwisha kuandikiwa jibu la uongo hawatalikubali kwa mara ya pili.

"Hapana, Garland," alisema.

Aligeukia sinki akaegemea kwa mikono miwili, akalia. Alimsikia mumewe akishusha pumzi. Alisikia kiti kikirudishwa nyuma. Hakusikia mlango. Alipogeuka, Garland hakuwepo, na uma ulikuwa palepale, na chai yake inatoa moshi.

Naibu wa sherifu alikuja mchana ule. Alikuta gari uani, funguo ndani yake. Alikuta buti za Garland kando ya jiko na koti lake kwenye msumari. Alipiga magoti jikoni kwa muda mrefu, pale sakafu iliposhika alama kabla haijakauka.

"Bi Delphia," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Nani mwingine alikuwa humu ndani?"

Alama zilitoka mezani mpaka mlango wa nyuma. Moja ilikuwa ya mwanamume aliyevaa soksi. Pembeni yake, sambamba, hatua kwa hatua, kulikuwa na kiatu chembamba cha mwanamke, kisigino kidogo. Na nyuma yao, kwa upana wote wa sakafu, zilikuwepo nyingine, nyingi, za viatu vya kila namna na nyingine za miguu mitupu, zimefuata kwa foleni.

Naibu alifungua mlango huo wa nyuma. Theluji ilitanda kutoka kizingitini mpaka kijitoni, na haikuwa na alama hata moja.